Kochi la Katikati

Mtu akiniuliza uzuri wa televisheni yenye kioo kilichopinda, namjibu upesi, maana uzuri wake ni mmoja tu: ukikaa mbele yake, katikati kabisa, unajiona kama umekaribishwa ndani ya picha. Ubaya wake ndio unaohitaji kiti na chai. Nimeishi na kifaa hicho nyumbani kwa mama yangu, hapa Rumonge, Burundi. Nimekifuta vumbi, nimekitukana, na kuna siku nilitamani kukitupa ziwani. Hakikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kililetwa na kaka yangu, anayeuza vyombo vya okaziyo, vilivyokwisha kutumika, huko Bujumbura. Alikipakata magotini njia nzima, na pale Gitaza barabara ilipoharibika alikikumbatia kama mtoto mwenye homa. Dereva alimwambia akiweke nyuma pamoja na madumu ya mawese, akakataa. Aliposhuka garini miguu ilikuwa imekufa ganzi, tukamshika mmoja huku, mwingine huku. Alikuwa akicheka.

Namwelewa. Mimi na yeye tulizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, na tulipokuwa wadogo tulitazama televisheni kupitia dirisha la watu. Mama alikuwa akitungoja nje, kanga begani, hasogei dirishani kwa sababu ya aibu. Kaka alijiapiza tangu wakati ule kwamba mama atakuwa na ya kwake, tena ya kuwazidi wenye madirisha. Alipoona ile iliyopinda dukani, aliona imefika siku yake.

Basi, ikawekwa sebuleni, na kasoro zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Haikukubali kutundikwa ukutani. Ilitokeza kama sikio. Haikuingia kabatini. Mlango wetu unatazama ziwa, na alasiri jua likishuka upande wa Kongo, mwanga unaingia moja kwa moja. Kwenye televisheni ya kawaida ungeona doa la mwanga pembeni. Kwenye hii mwanga ulitambaa kioo kizima, mtangazaji wa habari akabaki shingo tupu. Na waliokaa ubavuni waliona picha imekunjamana upande mmoja, kama uso wa mtu aliyelalia mkono.

Kwa hiyo palikuwa na mahali pamoja tu pazuri, kochi la katikati. Na kwetu mahali pazuri ni pa mgeni. Wenyewe husema mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumbani kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akahamia mlangoni. Jirani mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akija, katikati. Mzee wa kanisa akija, katikati. Mama, mwenye mali, alitazamia kule kwenye cherehani yake karibu na mlango, shingo ameipinda, mguu ungali kwenye pedali.

Sijasema kwamba mama alikuwa mshonaji. Wanawake wa sokoni walisema mshono wa mama umenyooka hata ungeweza kuupimia ukuta, na hawakuwa wanamsifu ili awapunguzie bei, maana hakuwahi kumpunguzia mtu. Alijifunza kambini kwa mikono kabla hajapata cherehani. Tuliporudi Burundi na kukuta shamba la babu lina watu wengine, uzi ndio uliotulisha na kutusomesha. Mimi leo ni mwalimu kwa sababu ya uzi ule.

Mama ndiye aliyelalamika wa kwanza. Tulikuwa tunatazama mchezo wa kuigiza, na kaka alikuwa amekuja kututembelea.

"Mbona milango ya hawa watu iko inapinda katikati?" aliuliza.

Tulicheka sote. Kaka akamwambia, "Mama, televisheni yenyewe iko imepinda. Ni mode, ndiyo fasheni ya sasa."

Baadaye akauliza juu ya nguzo za goli. Halafu juu ya meza ya mtangazaji. Mimi nina hasira za karibu, nikamwambia aache kuitafutia makosa zawadi ya mwanawe. Kaka yeye alichukulia jambo hilo kwa uzito, akaita fundi, mtu wa Uvira mwenye kibanda karibu na soko. Fundi akaichungulia nyuma, akaipigapiga mgongoni, akakaa kochi la katikati akakunja nne.

"Mama, hii iko vile walitengenezaka," alisema. "Kioo inapinda, picha nayo inapinda kidogo. Utazoea tu."

"Murakoze, mwanangu," mama akamshukuru.

Kaka hakuridhika. Alisema tatizo ni kule mlangoni, akamshika mama mkono na kumketisha katikati mwenyewe. Akasimama pembeni ya kioo, akimtazama mama usoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Sasa je?"

Mama alitazama kioo, akamtazama kaka.

"Sasa imenyooka," alisema. "Imenyooka kabisa."

Kaka alirudi Bujumbura na furaha yake. Siku ya pili tu akaja mgeni, mama akarudi mlangoni.

Kipindi hicho alianza kushona kitambaa cha kufunika televisheni. Kila chombo kwetu kina kitambaa chake, redio, thermos, hata ndoo ya maji ya kunywa. Kitambaa cha kawaida kilikuwa kinateleza kwenye ule mgongo uliopinda, hivyo mama alikata kingine, cheupe, na kukizungushia uzi wa kijani. Kilipokamilika ule uzi wa kijani ulikuwa unakwenda kama njia ya mbuzi. Tulikisifu. Tulisema mama ana akili, ameshona mshono uliopinda ili ufanane na kioo. Jirani mwuza ndagala akataka ashonewe kama hicho. Mama alitusikiliza akatabasamu.

Kisha zikaja sketi za kwaya. Zilikuwa za bluu, zenye utepe mweupe chini, na mama alizishona zote peke yake kama kawaida. Jumapili kwaya iliposimama mbele kwa mstari, kanisa zima liliona. Utepe ulipanda kwa huyu, ukashuka kwa yule, ukapotea kwa mwingine na kurudi. Hakuna aliyecheka, ingekuwa nafuu kama wangecheka. Mama alikuwa kando yangu, ameinua uso, anaimba pamoja nao, na nikajua kwamba haoni kitu ninachokiona mimi.

Baada ya ibada wanakwaya walikuja taratibu, kwa adabu, wakamwambia. Mama alizishika zile sketi, akazisogeza karibu na uso, akazisogeza mbali. Akasema, "Basi ile televisheni imeniharibu macho." Wote wakaitikia. Kila mmoja alikuwa na habari ya mtu aliyeharibiwa macho na televisheni, tena hii iliyopinda ndiyo mbaya zaidi, inakuzunguka. Habari ikamfikia kaka Bujumbura kabla sijampigia. Aliniambia atakuja kuichukua, na hakuja. Wala simu zake hazikuwa kama zamani. Alimsalimia mama haraka, kama mwenye deni.

Tukaizima. Tukaifunika kwa kile kitambaa cha uzi wa kijani. Wageni walipungua, nami nikapumzika moyoni, nikiamini macho ya mama yatarudi yenyewe kama mguu ulioteguka.

Siku moja tulikwenda Minago kumwona dada yake mama aliyekuwa mgonjwa. Wakati wa kurudi tulisimama kando ya barabara tukisubiri pikipiki. Kulikuwa kweupe, ziwa limetulia, watu wanapita na baiskeli zimebeba muhogo. Mama alikuwa anatazama barabara inavyokwenda.

"Nani alipinda hizi nguzo za umeme?" aliuliza.

"Nguzo gani, mama?"

"Hizi. Zote."

Nilizitazama. Zilikuwa zimesimama wima, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa macho yangu.

"Mama, umeanza lini kuona hivi?"

"Tangu ile televisheni ije."

"Lakini tumeizima."

"Hata ikiwa imezimwa, vitu bado viko vinapinda. Nilifikiri imeniingia mu macho, itatoka polepole."

"Mama, wewe ulisema imenyooka! Kaka alipokukalisha katikati, ulisema imenyooka kabisa."

"Kaka yako alikuwa ananitazama," alisema.

Daktari wa macho tuliyemwona Bujumbura alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alimpa mama karatasi yenye miraba midogo na nukta katikati, akamfunika jicho moja, akamwomba aitazame nukta na kueleza anachoona. Mama alicheka kicheko cha kweli. "Iko kama televisheni yetu!" alisema. Daktari hakucheka. Alimwangalia ndani ya macho kwa taa yake muda mrefu, kisha akatueleza kwa Kirundi taratibu, kama unavyomweleza mtu anayepaswa kuelewa mara moja. Ni ugonjwa wa katikati ya jicho, huko nyuma, panapotumika kusomea na kutunga uzi. Unaanza hivyo hivyo, kwa kupinda kila kitu kilichonyooka. Angeletwa siku za mwanzo zingejaribiwa sindano za kuuzuia. Sasa jicho moja limeshapata kovu katikati, na la pili linafuata. Ukingo utabaki, alisema, lakini katikati patazimika.

Sisi ugonjwa huo tulikuwa tumeupeleka kwa fundi wa televisheni.

"Kwa hiyo si televisheni?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Televisheni haiwezi kufanya haya."

Mama alinishika mkono kwa nguvu. Uso wake ulijaa furaha, Mungu ananiona, furaha kabisa. "Umemusikia? Si televisheni! Mupigie kaka yako sasa hivi, mwambie si televisheni yake."

Nilitoka nje nikalia ukutani, mbele za watu, bila haya. Nilimkasirikia mama kwanza. Nilimkasirikia kwa adabu yake, kwa kule kukubali kila kitu, kwa kusimama nje ya madirisha ya watu maisha yake yote. Kisha nikampigia kaka. Nilimweleza yote, na nikamfikishia ujumbe wa mama kama ulivyo.

"Ningeleta ya kawaida," alisema, "tungejua."

Ndio ubaya wa televisheni iliyopinda ambao hakuna muuzaji atakayekuambia. Katika nyumba yenye kitu kilichopinda, mtu akisema anaona vitu vimepinda hakuna anayeshtuka. Mama hajawahi kuambiwa neno lile la kaka, na hataambiwa na mimi.

Cherehani sasa imefunikwa. Televisheni imefunuliwa, maana mama anapenda kusikiliza, na siku hizi hakuna mgeni anayekubali kukaa kochi la katikati. Wanamwachia yeye. Wanajibanza pembeni, kwenye picha iliyokunjamana, na yeye anakaa pale pazuri, mbele kabisa, mahali ambapo kaka alitaka akae tangu siku ya kwanza. Anaelekeza uso mlangoni. Asiyejua hudhani hatazami, hudhani ameudhika. Ni kwamba akikitazama kitu kinazimika, akikikwepa kinarudi kidogo kwenye ukingo.

Jana nilirudi kutoka shuleni nikasimama mbele yake kumsalimia. Aliponisikia alinigeuzia shavu, akatazama kule kwenye cherehani. Sijazoea. Kila mara moyo unaniambia amenichukia, na ningestahili.

"Mama, niko hapa," nilisema, nikaanza kuzunguka ili niwe mbele ya uso wake.

"Hapana, baki hapo hapo," alisema, uso wake bado uko upande mwingine. "Usisogee, mutoto wangu. Nakuona."