Debuli na Samli ya Bangi

Kijijini kwetu Sirkhet, huku milimani, harusi haianzi mpaka wanawake waimbe. Kuhani anaweza kuwa ameshaketi, moto umeshawashwa, bwana harusi ameshachoka na kilemba chake, lakini kama hayupo wa kuwaalika miungu na mababu kwa wimbo, hakuna kinachosogea. Kwa miaka mingi mwalikaji huyo alikuwa Debuli, mke wa kaka wa mume wangu. Sisi wawili tuliolewa nyumba moja, tukapika jiko moja, na alipoimba mimi ndiye niliyekuwa mwitikiaji wake. Nyimbo zile ni ndefu. Zinaita jua na mwezi, zinaita mito, kisha zinashuka kwa wafu wa ukoo, kizazi baada ya kizazi, kila mtu kwa jina lake. Debuli alikuwa na majina ya nyumba zote za bonde letu kichwani. Watu walitania kwamba ukitaka kujua babu wa babu yako alikuwa nani, usimwulize baba yako, kamwulize Debuli.

Hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi, na alikuwa na nguvu za punda. Mumewe, Jaman Singh, alikuwa mtu wa maneno machache, msokotaji wa kamba na mfumaji wa magunia, na kila mtu alijua ni nani aliyekuwa akiamua mambo katika nyumba ile.

Majira ya baridi, malisho yanapokwisha, sisi wanawake hupanda mialoni kukata matawi kwa ajili ya mifugo. Siku moja, usiku wake ilikuwa imeanguka barafu nyembamba, na gome la mti lilikuwa linateleza. Nilikuwa chini nikifunga mzigo. Nilisikia tawi likivunjika, nikasikia mundu ukigonga jiwe, kisha nikamwona Debuli amelala chali juu ya mizizi, macho wazi, akijaribu kuvuta pumzi.

Barabara ilikuwa mbali. Wanaume wakamfunga kwenye machela ile ile ya kubebea maharusi. Walipoanza kuteremka akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Hii mara ya pili mnanibeba humu. Ile ya kwanza mliniahidi raha." Waliokuwa wamebeba mbele walicheka, wakalia huku wanacheka.

Hospitalini walisema mfupa wa mgongo umevunjika na umebana mishipa. Upasuaji ungewezekana katika hospitali kubwa huko tambarare, lakini daktari hakuficha: anaweza kupona, anaweza asitembee tena. Debuli akakataa. Alirudi nyumbani na mkanda mgumu kiunoni na mfuko wa vidonge. Mfupa ukaunga. Baada ya miezi aliweza kusimama, hata kufika kisimani na fimbo. Lakini maumivu hayakuondoka. Alisema ni kama waya wa moto umepitishwa kutoka nyongani hadi kisiginoni, na kuna mtu anauvuta kila anapotaka. Hakuweza kukaa, hakuweza kulala ubavu wa kushoto, hakuweza kuinama. Vidonge vilimtuliza kwa muda, kisha vikamchoma tumbo, mpaka asubuhi moja akatapika damu ndani ya beseni la kuoshea vyombo. Vidonge vikaisha hapo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Tukampeleka kwa mwanamke wa ng'ambo ya mto anayechoma maungo kwa chuma cha moto. Akarudi na makovu manne na maumivu yale yale. Tukampaka mafuta ya haradali yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Kisha Jaman Singh akaita wapiga ngoma, mizimu ikapanda kichwani mwa mpungaji, na mpungaji akasema ni mama mkwe wetu marehemu, amekasirika kwa sababu kikuku chake cha fedha kiliuzwa. Mbuzi akachinjwa. Debuli alikuwa amelala kwenye kona chini ya blanketi. Akaniambia, "Mama alipokuwa hai alikuwa ananipiga mgongo huu huu kwa mwiko. Kama ni yeye kweli, naona amepata kifaa kipya."

Sisi ni watu wa bangi tangu zamani. Mbegu zake tunazikaanga na kusaga chatini ya kulia mkate wa ulezi. Gome lake ndilo lililomlisha Jaman Singh, maana kamba na magunia yote yanatoka humo. Mabua tunawashia moto, na jani bichi tunaliponda na kulibandika kwenye jeraha la ng'ombe. Lakini kuivuta ni jambo la watawa wanaopita na vijana waliokosa kazi. Jaman Singh, ambaye mikono yake ilinuka bangi maisha yake yote, hakuwahi kuivuta hata mara moja. Kwa hiyo tabibu wetu mzee, Lokmani, aliposema kuna dawa ya samli, Jaman Singh alimaliza kwanza kusokota kamba aliyoishika, ndipo akauliza inatengenezwaje.

Lokmani alimfundisha. Majani yanachemshwa, maji yanamwagwa, yanakaushwa kivulini, kisha yanakaangwa polepole kwenye samli mpaka yawe kijani cheusi. Mgonjwa anapewa kidonge cha ukubwa wa punje ya dengu, na maziwa. Lokmani akaonya pia. Alisema hana kipimo cha kumpa. Dawa ile huanza kama mgeni, na wageni wengine hawaondoki.

Debuli alimeza mchana. Nilikaa naye nikichambua mchele. Alilala mpaka jua lilipokaribia mlima, bila kuguna, na alipoamka akatazama dari kwa muda.

"Vipi, dada?" nikamwuliza.

"Yapo," akasema. "Hayajaenda popote. Ila yamehamia chumba cha pili, nayasikia yakizungumza huko."

Jaman Singh alikuwa mlangoni. Aligeuka akatoka nje, na nilimwona akipangusa uso kwa kilemba chake.

Ule ulikuwa wakati mzuri, na sitausema vibaya. Debuli alikaa tena jikoni. Alimtukana mume wangu kwa sababu ya paa linalovuja. Alimfundisha binti yake Hemanti kusuka mkeka. Lakini punje ya dengu ikawa punje ya harage, na harage likawa vipande viwili, asubuhi na jioni. Alianza kusahau chumvi. Akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa, kisha anacheka, na mimi nacheka. Sikutaka kuhesabu ni mara ngapi.

Ndipo ikaja harusi ya nyumba ya Dungar Singh, mzee tajiri wa kijiji cha juu, aliyekuwa akimwoza mwanawe wa mwisho. Debuli aliitwa, kama kawaida. Tuliketi uani, wanawake nyuma yetu, naye akaanza. Sauti ilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko zamani, imelegea na kuwa na kina. Aliita jua na mito. Akashuka kwa wafu: babu mkuu, babu, ndugu wa babu. "Tokeni huko mliko, enyi mliotutangulia, njooni mle nasi." Na baada ya hao akamwita Dungar Singh mwenyewe.

Dungar Singh alikuwa ameketi mbele yetu na kikombe cha chai mkononi.

Nilimfinya Debuli paja. Hakuhisi, au hakuelewa. Akalirudia jina, kama inavyotakiwa, mara ya pili, akimwalika kwa heshima atoke kuzimu. Hakuna aliyeitikia. Kisha mke wa Dungar Singh akaanza kulia, na mzee akaweka kikombe chini, akasema kwa utaratibu, "Mchukueni huyu mama nyumbani kwake. Amelewa."

Dungar Singh hakufa. Yupo mpaka leo, ana meno yake yote. Lakini Debuli hakuitwa tena kwenye harusi yoyote. Badala yake walianza kumwalika mke wa mwalimu, ambaye anasoma majina kwenye karatasi.

Siku nyingi zikapita. Kisha asubuhi moja Debuli akamwambia mumewe asimletee samli tena. Jaman Singh akadhani ni hasira, itapita. Haikupita. Maumivu yalirudi na ndugu zake wote. Alikuwa akiuma kona ya blanketi ili Hemanti asisikie. Jaman Singh alikaa kando ya kitanda na kibakuli mkononi, mtu huyu asiyejua kubembeleza, akibembeleza.

"Mama Kundan, kidogo tu. Nusu punje."

"Baba Kundan, Hemanti anaolewa baada ya mavuno. Nani atawaita wazee wake? Mke wa mwalimu?"

"Watakuja hata wasipoitwa."

"Wewe ulipokuja kunioa, uliitwa au ulijijia tu?"

Hapo Jaman Singh akakiweka kibakuli juu ya rafu.

Mwana wao, Kundan, alikuwa akifanya kazi katika hoteli Delhi. Aliposikia, akaja na chupa ndogo yenye mrija wa kudondoshea. Alisema ni mafuta ya bangi iliyoondolewa ulevi. Wataalamu wameipima, watu wa mjini wanaitumia kwa migongo na magoti, akili inabaki palepale. Hilo ndilo tulilokuwa tukilitamani wote, kitu cha kumwachia kichwa chake na kumwondolea ule waya. Nakumbuka tulivyomzunguka Debuli, tukimtazama akiweka matone chini ya ulimi, kama watu wanaomtazama mtoto akipiga hatua ya kwanza.

Kwa wiki chache alilala kidogo zaidi. Nadhani yalimsaidia kidogo, kama maji ya baridi juu ya jiwe la moto. Chupa ya pili haikuwa kama ya kwanza, na ya tatu ilinuka mnanaa tu. Kundan alikuwa akijinyima chakula ili azinunue, mama yake akajua, akamkataza. Akamwambia, "Mwanangu, wameiosha mpaka imesahau kazi yake." Kundan alirudi Delhi bila kuaga vizuri.

Hemanti aliolewa baada ya mavuno, kama ilivyopangwa. Ili aweze kukaa wima, tulimfunga Debuli kwenye nguzo ya ukumbi kwa kitambaa cha hariri, chini ya shali, wageni wasione. Aliimba kuanzia mapambazuko. Hakukosea jina hata moja. Aliwaita wafu wa upande wetu na wa upande wa bwana harusi, ambao alijifunza kwa kumhoji mshenga kwa siku nzima. Nilipokuwa nikiitikia niliona jasho likimtiririka shingoni, na kila alipovuta pumzi uso ulikuwa unakuwa wa kijivu, lakini sauti haikutetemeka. Mke wa Dungar Singh alikuwapo. Alikuja mwisho akamgusa miguu, na Debuli akamwambia, "Mwambie mzee wako leo nimemwacha."

Jioni hiyo, Hemanti alipokwisha kubebwa kwenye machela na ngoma zimepotelea bondeni, tulifungua kitambaa. Debuli hakuweza kunyooka. Tulimlaza jinsi alivyo, amekunjika. Kwa siku zilizofuata alipiga kelele, yeye aliyekuwa hajawahi kupiga kelele, hata wakati wa kuzaa. Mifugo ilikataa kula.

Kisha akatuita, mimi na mumewe. Hakuwa akilia.

"Nileteeni ile samli," akasema.

Jaman Singh akasema atatengeneza kidogo, ya kuanzia.

"Usipime," akasema. "Binti ameshaondoka. Sina tena sababu ya kukumbuka."

Nilitaka kusema neno. Nilitaka kusema mimi nipo, dada, nikumbuke mimi. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akipiga kelele.

Jaman Singh alitengeneza. Mwanzoni kila asubuhi alikuwa akimwuliza, "Leo unataka nini, akili au usingizi?" Naye anajibu. Siku nyingine alichagua akili, kwa saa moja, ili azungumze na Hemanti kwenye simu. Baadaye dawa ikamzoea au yeye akaizoea, ikawa haimpi usingizi wala haimrudishii akili, na maumivu yakaanza kupenya hata humo. Mzee akaacha kuuliza. Anamlisha tu, kwa kijiko, huku akitazama pembeni.

Lokmani amekufa. Daktari wa kituo kipya alikuja, kijana mwema, akamkagua kwa upole, akasema alipaswa kuletwa mapema. Hakusema mapema lini.

Huwa namwosha nywele siku za jua. Wiki iliyopita nilikuwa namchana uani, naye akawa ananitazama kwa makini, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni, akichelea kumwudhi.

"Wewe mwana wa nani?" akaniuliza.

Nikamtajia jina la baba yangu.

"Umeolewa wapi?"

"Hapa. Nyumba hii, dada. Kwa mdogo wake Jaman Singh."

Akafikiri. Akanipapasa mkono, taratibu, kama anavyopapaswa mtu aliyefiwa.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nyumba hiyo ina kazi."

Nikamaliza kumsuka, nikamgeuza ubavu wa kulia, nikaenda kukamua.