Muuza chambo ambaye hajawahi kuvua

Jua bado halijavuka misonobari, na Ardis Tollefson ameshazamisha mkono hadi kiwiko ndani ya tangi la vidagaa, visamaki hai vya chambo. Maji yakipata uvuguvugu, watakufa. Leo ni ya baridi. Anawatoa wawili waliogeuza matumbo juu, kisha anafungua friji kuwakagua nyungunyungu waliolala kwenye udongo wenye unyevu.

Mteja wa kwanza, fundi bomba aitwaye Leland, anataka nyungunyungu wanene. Ardis anamkatalia. Samaki wa ziwa hili, wale wadogo wanaokaangwa bila kukatwakatwa, wana kinywa chembamba. Nyungunyungu mnene watamdonoadonoa na kumwachia mvuvi ndoano tupu. Anamchagulia wembamba wanaojinyonganyonga, na kumwonya asiwaache juani.

“Kwani wewe umewahi kuvua, Bi Ardis?” Leland anamtania.

Hajawahi.

Ana miaka sitini na minane, na zaidi ya thelathini ameimaliza katika kibanda hiki cha kuuzia chambo, kaskazini mwa Minnesota. Kiangazi cha kwanza, mumewe Wendell alimshawishi wafunge, waende ziwani pamoja. Hata ndoano hawajatupa, radi ikawarudisha. Walikuta umeme umekatika, pampu ya hewa imezimika, na vidagaa wote wanaelea, wamekufa. Ardis akaapa kutobanduka tena kibandani.

Wendell hakuacha kumwomba, kila Jumapili. Naye hakukosa jibu: joto, wateja, maji ya kubadilisha. Mwishowe mzee akazoea kwenda peke yake.

Mwaka huu, barafu ilipoanza kuyeyuka, Wendell alipata kiharusi. Sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mkono wake wa kulia hauinuki. Ardis alipomwambia waende wakavue, Wendell alimwuliza:

“Sasa ndiyo umepata nafasi, mama?”

Alisema akitabasamu. Ardis alijikaza hadi alipofika kwenye gari, ndipo akalia.

“Vidagaa ningenunua wengine,” anamwambia Leland huku akijifuta mikono kwenye aproni. “Mkono wa Wendell nitaununua wapi?”

Wauguzi wamekubali: Jumapili hii watamleta kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye gati la mbao pale ziwani. Kibanda kitafungwa. Ardis ndiye atakayeshika fimbo ya kuvulia, na Wendell atamwelekeza.

“Atanikosoa kutwa nzima, namjua,” anasema. “Acha anikosoe. Sibanduki kando yake.”