Fomu yenye Nafasi ya Mtu Mmoja

Jumatatu nilikuwa benki hapa Butembo, nyuma ya mama mmoja wa mtaa wa Vulamba na binti yake. Binti amepata nafasi ya kusoma uinjinia Ubelgiji, na ili apewe viza, ubalozi unataka mdhamini, yaani mtu wa kuthibitisha, kupitia benki, kwamba masomo yatalipiwa.

"Garant ni nani?" karani aliuliza bila kuinua macho.

Mama aligeukia benchi la ukutani. "Bamama, musimame."

Wakasimama wanawake kumi na mmoja, wauza maharage wenzake wa soko moja. Chama chao cha kuchangiana kina umri mkubwa kumpita binti mwenyewe. Kila mmoja alifungua fundo la kitenge, akatoa kadi yake ya uchaguzi, ambayo huku ndiyo kitambulisho, na kuiweka juu ya ile ambayo mama alikuwa ameshaiweka kaunta.

Karani akalaza kalamu. "Mais mama, hii formulaire iko na nafasi ya mutu moja tu."

"Na huyu mutoto hapana wa mutu moja," mama alijibu taratibu. "Ongeza karatasi."

Karani akaenda kwenye ofisi ya mkubwa wake. Alirudi na fomu kumi na mbili na stepla, na sisi wa kwenye mstari tukajikuta tumenyoosha migongo.

Nasikia ubalozini hofu yao kubwa ni kwamba mwanafunzi hatarudi nyumbani. Wasome zile karatasi vizuri. Mwenye mama mmoja anaweza kuchelewa kurudi. Mwenye mama kumi na wawili, kila mmoja na simu yake, hathubutu.