Ndiyo ya Shangazi Zélie

Shangazi yangu Zélie Auzou hakuwahi kujibu swali moja kwa moja maishani mwake. Ndivyo tulivyo sisi wa juu ya majabali ya Étretat. Kwetu anayesema ndiyo bila kusitasita ni dalali wa ng'ombe au mwongo. Lakini shangazi alizidi. Siku ya harusi padri alimuuliza kama anamkubali Fernand, akajibu, "Sijasema hapana." Padri akarudia mara tatu, mwisho akachoka, akawafungisha hivyo hivyo.

Fernand alipofariki, nyumba ikapoa. Waliomwokoa shangazi ni wageni, wale wanaozunguka kutafuta maficho ya yule mwizi muungwana wa vitabuni, anayeiba kwa glavu nyeupe na kuwaachia matajiri kadi yenye jina lake. Walibisha hodi, akawamiminia pombe ya matofaa, wakapiga soga mpaka jua likazama. Wiki isiyo na mgeni alizungumza na kuku.

Basi halmashauri ikatangaza kwamba itatundika kibao kwenye nyumba iliyoelezwa kitabuni. Zilizolingana na maelezo hayo zilikuwa mbili: yake, na ya Gaston Duboc ng'ambo ya barabara, mzee mwenye maringo yasiyo na sababu. Kibao kikienda kwa Duboc, wageni nao wataenda. Shangazi alilijua hilo, akaogopa. Wiki nzima, akijua ataulizwa, alifanya mazoezi ya kujibu mbele ya kioo: "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Akaja Lethuillier wa halmashauri, mtoto wa hapa hapa, na daftari lake.

"Haya, Mama Auzou, nyumba ya mwizi ndiyo hii?"

"Ndiyo!" shangazi akapaza sauti.

Lethuillier akashusha kalamu. "Umesemaje?"

"Nimesema ndiyo! Una nta masikioni?"

"Mama, nakujua tangu nikiiba matofaa yako. Hata ukiulizwa kama mvua inanyesha, husemi ndiyo. Nani kakufundisha uongo uzeeni?"

Akavuka barabara. Duboc, kajinyoosha kitini, akamjibu, "Huenda ikawa. Huenda isiwe." Kibao akapewa yeye, mpumbavu yule. Shangazi alilia, na safari hii sikucheka.

Jumapili wakaja wageni wawili kutoka Lyon. Walikisoma kibao, wakakitilia shaka, wakavuka kumuuliza shangazi kama kinasema kweli.

Shangazi akafuta mikono kwenye aproni, akamtupia jicho Duboc dirishani mwake.

"Labda ndiyo," akasema, "labda siyo. Hilo halijibiwi mlangoni. Ingieni."