Mbwa Wetu Rudisha-Jogoo

Juzi nilimwona kijana pale Voi akiburutwa na mbwa mkubwa ambaye alikuwa ametoka kumchukua katika kituo cha wanyama waliotupwa. Alimwita Roki. Nikasikitika: jina limepotea bure.

Mbwa wetu wa Bura, nilipokuwa mtoto, baba alimtoa boma la daktari wa mifugo, walikofungiwa mbwa wasio na wenyewe. Alikuwa mkubwa kama ndama na hakujua kutulia. Mama akamwita Rudisha-Jogoo, nami nikadhani ni jina tu la mbwa. Kila moshi wa jioni ulipoanza kunukia, mama alisimama uani, akageukia nyumba ya jirani yetu Mama Mghoi na kupaza sauti, “Rudisha-Jogoo! Wee, Rudisha-Jogoo!”

Jioni moja Mama Mghoi akachoka. “Mama Mwakio, jogoo wako aliliwa na kicheche! Niache nipumue!”

Mbwa akadhani anaitwa. Akaruka ua, akafukua jalala la Mama Mghoi hadi majivu yakatimka, akarudi na mguu wa kuku unaonuka. Kitambaa chekundu, alama ya kuku wetu wote, kilikuwa bado kimefungwa. Nikalia, nikijua mbwa atachapwa.

Mama akampapasa kichwa. Kisha akamwita kwa jina jipya, kwa sauti tamu sijapata kusikia, “Nimeona! Nimeona, mwanangu, njoo ule!”

Mlango wa Mama Mghoi ukafungwa pu! Mbwa hakubadilishwa jina tena.

Siku hizi nimezeeka, na magoti hayawezi ugomvi. Lakini jirani amekalia sufuria yangu aliyoazima wakati wa matanga. Nimemwagiza mjukuu aniletee mbwa kutoka kituo kile, mkubwa kabisa. Jina ninalo.