Karatasi Nilizozidai Kutoka Mbau

Maisha yangu yote nimewakatiza watu wanaosimulia mizimu, nikiwauliza: nani aliona, wapi, saa ngapi? Basi na mimi nijibu. Niliona mimi, nyumbani kwangu Butembo, saa tisa mchana, nikiwa na akili timamu na miwani machoni.

Mimi na Kasereka, fundi wa kompyuta wa Mulekera, mjini Beni, ambaye zamani nilimfundisha hesabu, tulikuwa tukiandika mfumo endeshi mdogo wa mtindo wa kale, wenye kioo cheusi na maneno matupu, kwa ajili ya mashine chakavu za shule zisizoweza kubeba mifumo ya leo. Tulibishana juu ya lugha ya programu ya kuuandikia. Mimi nilitaka Pascal, kwa kuwa humzuia mzembe mapema. Yeye alitaka C, kwa sababu alikuwa ameshaiundia kompaila yake mwenyewe, yaani programu ya kugeuza tunachoandika kuwa amri za mashine, nayo ilienea kwenye disketi moja.

Nilikataa. Kompaila ambayo sijasoma maandishi yake ni uvumi tu, nilimwambia. Inaweza kutia katika kazi yetu jambo ambalo hatukuliandika.

Alicheka. "Mwalimu, hata Yesu akirudia, wewe utamuomba carte d'électeur." Kwetu kadi hiyo ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Maandishi yote, alisema, yalichapwa, yamo sandukuni katika nyumba ya marehemu baba yake, Mbau. "Mais njia ya Mbau ni mubaya sasa, benye silaha banaua batu. Uniamini tu, mwalimu."

Nilimjibu kwamba sina desturi hiyo. Kesho yake asubuhi aliondoka kwenda kuyachukua.

Siku mbili baadaye aliingia kwangu bila hodi, mvua ikinyesha. Hakunipa mkono, nami nilidhani amekasirika. Aliweka karatasi mezani. Zilikuwa kavu kabisa, zikinuka moshi. Nilizisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, naye amesimama. Asubuhi ile nilikuwa nimewaza kasoro moja inayoweza kuwa katika kompaila yake, ambayo sikumwambia mtu yeyote. Pembeni mwa ukurasa nilikuta jibu lake, kwa mwandiko wa Kasereka. Lilikuwa sahihi.

"Sasa unaamini?"

Nilisema naamini, tutatumia C. Akatoka mvuani.

Bado nimeshika ukurasa wa mwisho, mkewe Masika alinipigia simu kutoka Beni. "Mwalimu, Kasereka hayuko tena. Balimuua juzi ku njia ya Mbau. Hata ku nyumba ya baba yake hakufika." Nyumba nayo, alisema, ilichomwa siku ileile, na sanduku ndani.

Nikamwuliza nani aliona. Ndiyo, niliuliza hivyo.

"Mimi, mwalimu. Niko namuosha."

Mfumo ule niliumalizia mwenyewe kwa kufuata karatasi zile, nao unafanya kazi. Wanafunzi huutumia kila siku, wala haujakwama hata mara moja, nami siwezi kuingia chumba cha mashine zile shuleni. Karatasi zimo kabatini mwangu. Masika hajaziona, nitamwambia nini?

Wewe usiyekubali neno bila ushahidi, nisikilize mimi niliyekuwa hivyo. Mtu uliyemjua miaka mingi akikupa neno lake, lipokee, ili abaki nyumbani kwake. Huenda amekosea. Kosa la programu hurekebishwa.