Picha ya Chai ya Asubuhi na Shati Tulilolizika

Admin, naomba unifiche vizuri, maana huku Kharumwa tunafahamiana mpaka kwa ndala. Nina miaka thelathini na nne. Ni mjane, au ndivyo nilivyojijua mpaka juzi. Nauza vitenge kwenye minada, nina binti mmoja ambaye hapa nitamwita Minza, na naishi na mama mkwe wangu. Tunapikiana, tunanuniana, maisha yanaenda.

Mume wangu, Baba Minza, alikuwa mchimbaji. Kwenye duara lao, yaani lile shimo la dhahabu, kila anayeshuka huvua shati akaliacha mdomoni mwa shimo. Chini kuna joto la kuoka mtu, lakini pia ndivyo wa juu wanavyojua nani yuko ndani. Minza akiwa bado hajaanza shule, duara likaanguka asubuhi. Mashati yalikuwa manne pale juu. Wakatolewa watu watatu, wote wameshakata roho, halafu ardhi ikaanza kushuka tena na wazee wakakataza mtu yeyote kuingia. Shati lililobaki lilikuwa la bluu. Kifungo cha kola nilikishona mwenyewe kwa uzi mweusi, wa bluu uliniishia.

Tukalizika hilo shati. Nililia mpaka nikazimia. Mama mkwe hakutoa chozi hata moja, na alipoulizwa akajibu, "Mimi siwezi kulilia shati." Watu wakasema ana roho ya jiwe. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Sasa mwaka huu nikaamua kuacha kununua mzigo kwa watu wa kati. Niende Kariakoo mwenyewe, nilale siku mbili, nirudi. Mwenzangu wa mnadani akanionya, "Mama Minza, usifikie kwa ndugu. Utaamshwa alfajiri kudeki nyumba ya watu. Tafuta hoteli kwenye simu."

Nikatafuta. Mimi si mtu wa kuridhika haraka, hata kitenge nakigeuza mara tatu. Nilitaka choo cha ndani, komeo la maana, karibu na maduka, na chini kusiwe na baa. Nikawa naangalia vitanda tu, kila kitanda taulo limekunjwa kama bata, nacheka peke yangu kibandani. Nikapata moja nzuri, safi, haina makuu. Chini ya ukurasa wake kuna picha ambazo wageni wenyewe wameweka. Mmoja kapiga picha chai yake ya asubuhi, chapati na supu. Picha imewekwa mwezi uliopita.

Nyuma ya ile sahani kuna mwanaume amebeba vikombe. Uso nusu umefichwa na nguzo. Nikaikuza picha. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kimesimama wima, hakikunjiki. Baba Minza kidole chake kilibanwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na tangu siku hiyo hakikukunjika tena. Na kitambaa yule mtu amekitupia bega la kushoto, vile vile alivyokuwa anatupia taulo akitoka kuoga. Jamani, nilisikia baridi na jua lilikuwa la saa nane.

Nikapiga namba ya hoteli. Nilijiambia naulizia chumba. Akapokea mwanaume, akasema, "Karibu, tukusaidie nini?" Sauti sikuitambua vizuri, simu inakwaruza. Mdomo wangu ukasema tu, "Mwadila." Ndivyo tunavyosalimiana Kisukuma mchana. Akajibu hapo hapo, "Mwadila, mayu," yaani mama. Nilimsikia anapumua. Nikasema, "Mimi ni Mama Minza." Simu ikakatwa. Nimepiga tena mara nyingi, anapokea dada mmoja mpole, ananiuliza kama bado nahitaji chumba.

Najua Wasukuma wamejaa Dar. Najua vidole vibovu viko vingi. Lakini tangu siku hiyo silali. Kama ni mzuka, unataka nini kwangu, mbona tulimzika kwa heshima? Na kama ni yeye, basi alilivua lile shati akaliweka pale, akaondoka. Labda aliondoka kabla duara halijaanguka, akasikia habari njiani, akaona acha iwe hivyo. Aliniacha nigaregare kwenye vumbi mbele za watu kwa ajili ya nguo niliyoifua mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko kifo.

Na kuna jambo lingine. Yuko mwalimu wa Mhunze, mtu mtaratibu, ambaye ndugu zake wanaleta ng'ombe wa mahari kwetu baada ya mavuno. Ng'ombe wa Baba Minza walishazaa kwenye zizi la baba yangu. Kama yu hai, mimi ni mke wa mtu, na ninamdanganya mwalimu wa watu bila kutaka. Nikinyamaza nikaolewa, nitakuwa namsubiri kila mlango ukigongwa.

Tiketi ya basi ninayo, naondoka Jumamosi. Iko hoteli nyingine hapo hapo Kariakoo, wanaisifia, ina kila nilichotaka. Nikilala hiyo nitanunua vitenge vyangu na kurudi mjane kama nilivyokwenda. Ile ya kwanza bado ina chumba, dada kaniambia ananishikia.

Mama mkwe sijamwambia kitu. Jana tulikuwa tunachambua dagaa, akaniuliza kama mzazi yeyote anavyouliza, "Mkwe wangu, huko uendako umepata pa kulala?" Nikamjibu bado. Akaniangalia, akasema, "Ukimkuta mtu wa kwetu, msalimie," akaendelea na dagaa zake.

Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini tu. Jumamosi ni keshokutwa. Nilale hoteli ipi?